Kuhesabu Dawa Ghalani kwa Kisomaji cha Mkononi

Mgonjwa anapoambiwa dirishani kuwa dawa aliyoandikiwa haipo, aghalabu hudhani kwamba haikuletwa. Huenda imo ghalani, nyuma ya maboksi mengine, ila leja inasema imekwisha. Huenda pia leja inaonyesha maboksi kumi, kumbe yote yamepita muda wa matumizi. Hesabu ya ghala, basi, ni sehemu ya tiba.

Kwa desturi mtumishi mmoja husoma lebo, mwenziwe huandika. Tarakimu moja ya namba ya toleo ikikosewa, kumbukumbu hupotoka. Kisomaji cha mkononi hupunguza makosa hayo ya kunakili, lakini manufaa yake hutegemea alama iliyomo kwenye pakiti. Msimbopau wa mistari kwa kawaida hutambulisha bidhaa tu. Msimbo wa mraba wenye vinukta, uitwao DataMatrix, ukipangwa kwa kanuni za GS1, waweza kubeba utambulisho wa bidhaa wenye tarakimu 14, namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi. Kwa taarifa hizo mtunza ghala hutoa kwanza dawa zinazokaribia kwisha muda; na toleo likitangazwa kuwa na kasoro, hujua lilipo na kulitenga.

Hata hivyo, kifaa husoma lebo. Hakioni kilichomo ndani. Boksi lililokwisha kufunguliwa laweza kuhesabiwa kuwa zima, mhesabuji asipoingiza idadi halisi kwa mkono. Kwa hiyo, utoaji na upokeaji usimamishwe wakati wa kuhesabu. Mhesabuji asionyeshwe kwanza idadi iliyomo kwenye leja, asije akaifuata. Tofauti ikionekana, mtu wa pili ahesabu upya, na chanzo kitafutwe kabla ya kumbukumbu kusahihishwa. Oksitosini, inayozuia mama kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua, huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ihesabiwe upesi ili mlango wa jokofu usikae wazi.

Nawe mgonjwa, soma tarehe kwenye pakiti unayokabidhiwa. Ukiambiwa dawa haipo, omba kwa upole ghala liangaliwe tena: swali lako laweza kufichua kosa ambalo leja imelificha.