Vuka na Mzigo Unaohitajika Tu: Faragha ya Modi Katika Michezo ya Mtandaoni



Kila mkazi wa Busia anaufahamu utaratibu wa kituo cha pamoja cha mpakani. Anayevuka huonyesha hati zake na kutaja mizigo aliyobeba. Hatakiwi kueleza kila kilichomo nyumbani kwake. Afisa hushughulika na kile kilichofika mbele yake. Tunautumia mfano huo kueleza jambo ambalo vijana wetu hukutana nalo kila wawashapo kompyuta kucheza, nao wazazi wengi hawajapata kuelezwa.

Mchezo uitwao Minecraft huchezwa na mtu peke yake, au na watu wengi kwa pamoja kupitia seva, yaani kompyuta inayowakutanisha wachezaji mtandaoni. Wengi huuongezea modi, ambazo ni vijiprogramu vya nyongeza vilivyotungwa ili kubadili sura au kanuni za mchezo. Wapo vijana wanaojitungia modi zao wenyewe, na wasingependa zijulikane kabla ya kukamilika. Hamu hiyo ya faragha ni halali. Inafaa basi kujua seva huona nini.

Seva huona nini?

Modi nyingi za Minecraft hutumia mfumo uitwao Forge au ule uitwao Fabric. Katika Forge, mchezaji anapojiunga na seva, mchezo wake huipelekea seva orodha ya modi alizonazo, ili ihakikishwe kwamba pande mbili zinapatana. Fabric haipeleki orodha kamili kwa kawaida yake, lakini baadhi ya modi hujitambulisha zenyewe kwa seva. Kinachopelekwa ni majina na taarifa za modi. Mafaili yenyewe hubaki kwenye kompyuta ya mchezaji. Pamoja na hayo, mwenye seva huiona anwani ya mtandao ambayo mchezaji anaitumia.

Majina matupu yanaweza kuonekana kuwa jambo dogo, lakini sivyo. Mwezi Julai 2023 ulitangazwa udhaifu ulioitwa BleedingPipe katika baadhi ya modi za Forge. Udhaifu huo uliwawezesha wahalifu kuendesha amri zao kwenye seva na hata kwenye kompyuta za wachezaji. Anayejua modi ulizonazo anajua pia mlango upi wa nyumba yako una kufuli bovu.

Hatua za kuchukua

Kwanza, tenganisha mizigo. Programu rasmi ya kuanzishia Minecraft huruhusu kuandaa mchezo mara kadhaa, na kila mara kuupa folda yake. Tenga folda moja ya kuchezea peke yako, na nyingine ya seva unayoiendea. Katika hiyo ya pili weka zile modi tu ambazo seva inazihitaji au inaziruhusu. Modi isiyopakiwa haiwezi kuorodheshwa.

Pili, soma kanuni za seva kabla ya kuingia. Zipo modi zinazomwonyesha mchezaji madini yaliyofichika ndani ya mawe, na seva nyingi huzikataza kwa kuwa ni udanganyifu. Zipo pia njia za kughushi orodha. Hatuzishauri, kwa sababu kughushi ni sawa na kutoa tamko la uongo forodhani, na mwenye seva anaweza kukufungia. Faragha ni kuuacha mzigo nyumbani. Kuuficha chini ya kiti cha gari ni jambo jingine.

Tatu, chunga ripoti za hitilafu. Mchezo unapokwama, huandika ripoti ambayo mara nyingi hutaja modi zote, na pengine jina unalolitumia kwenye kompyuta. Kabla ya kumtumia mtu ripoti hiyo ili akusaidie, isome na ufute yasiyomhusu.

Nne, usipokee modi kutoka kwa mtu usiyemjua, hata akikwambia kuwa ni ya siri na amekuchagua wewe peke yako. Mwezi Juni 2023, programu ya wizi iliyopewa jina la fractureiser ilipenyezwa ndani ya modi zilizokuwa kwenye CurseForge, mahali panapoaminiwa na wachezaji wengi. Iliiba taarifa za kuingilia akaunti zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Kikulacho ki nguoni mwako. Ikiwa hata mahali panapoaminiwa paliingiliwa, faili la mgeni lastahili tahadhari zaidi.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa mchezo. Kompyuta anayoichezea mtoto mara nyingi ndiyo hiyo hiyo yenye barua pepe ya baba na hesabu za duka la mama. Mwizi aliyeingia kwa mlango wa mchezo hatabaki kwenye mchezo.

Ukidhurika

Ondoa kompyuta kwenye mtandao. Kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, badilisha maneno ya siri, ukianza na barua pepe, kisha uamuru akaunti zitolewe kwenye vifaa vyote. Usifute mazungumzo wala faili ulilotumiwa, kwani huo ni ushahidi. Fika kituo cha polisi kilicho karibu nawe, uwe upande wa Uganda au wa Kenya. Kuingia kwenye kompyuta au akaunti ya mtu bila idhini ni kosa kwa sheria ya Uganda ya mwaka 2011 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta, na vilevile kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2018. Mtoto anayetishwa au kusumbuliwa anaweza kupiga simu namba 116, inayohudumia watoto katika nchi zote mbili.

Kwa wazazi tuna ombi moja. Mtoto akija kukiri kwamba amepakua kitu kibaya, msikilizeni kabla ya kumkaripia. Mtoto anayeogopa kupigwa hunyamaza, na ukimya wake humwongezea mwizi muda. Nasi tukipata taarifa mapema, huwa na nafasi kubwa zaidi ya kusaidia.