Maboksi Matatu ya Mseto

Sogeeni karibu, watoto wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Leo sungura na fisi wapumzike. Nawasimulia habari za maboksi matatu ya dawa ya malaria, na jinsi kompyuta mbili zisizofahamiana zinavyolazimika kuelewana ili maboksi hayo yafike kijijini. Msiseme hayo ni mambo ya watu wa Dar es Salaam. Yanaanzia hapahapa Simiyu, kwenye kabati la dawa la zahanati.

Tuseme mvua zimenyesha, madimbwi yamejaa, mbu wamezaliana. Katika zahanati ya kijiji kimoja wilayani Bariadi, kina mama wanapanga foleni tangu alfajiri, kila mmoja na mtoto mwenye homa mgongoni. Mganga mfawidhi anafungua kabati na kuhesabu dawa ya malaria iitwayo mseto, ile ya watoto wadogo. Dawa hiyo hukaa kwenye pakiti ndogo zenye vidonge 6: kimoja mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Ya mtu mzima ni vidonge 4 mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Pigeni hesabu wenyewe. Mkipata 24 mmepatia. Pakiti 30 hufungwa pamoja katika boksi moja.

Mganga wetu anatazama leja, anaangalia ametumia ngapi na zimebaki ngapi, kisha anaona kwamba anahitaji pakiti 90. Kumbukeni namba hiyo, maana ndiyo itakayosafiri.

Zamani namba hiyo ilisafiri kwenye karatasi. Mganga alijaza fomu ya taarifa na maombi, fomu ikapanda pikipiki au daladala hadi kwa mfamasia wa halmashauri. Mfamasia aliipitia, akaipeleka Bohari ya Dawa, ile tuliyoizoea kwa jina la MSD. Huko mtu mwingine alikaa kwenye kompyuta, akaisoma fomu na kuichapa upya. Sasa fikirini: 90 iliyoandikwa haraka kwa kalamu inayovuja inaweza kusomeka 96, au hata 900. Na majina ya vijiji vyetu mnayajua. Meatu peke yake kuna Mwanhuzi na Mwandoya; ukivuka kwenda Itilima unakuta Mwamapalala. Karani aliyezaliwa Newala, ambaye hajawahi kukanyaga Usukumani, akikutana na rundo la fomu za kina Mwa-Mwa, kuchanganya ni jambo la dakika moja tu.

Kero nyingine ilikuwa majibu. Mganga alijua kwamba dawa fulani haipo pale tu gari liliposhusha mzigo na yeye akahesabu na kukuta pengo. Wiki zimeshapita, na wagonjwa wako nje.

Basi nchi ikaamua kutumia kompyuta. Miaka ya 2013 na 2014 ukaanza kusambazwa mfumo uitwao eLMIS, ambao kazi yake ni kupokea taarifa na maombi ya dawa kutoka vituo vya afya. Badala ya karatasi kusafiri hadi bohari, maombi yakaingizwa kwenye mfumo wilayani. Hapo nusu ya safari ikawa imefupishwa.

Nusu ya pili ilikuwa ndani ya MSD yenyewe. Bohari hii ilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1993, ikaanza kazi mwaka 1994, na makao makuu yake yako Keko, Dar es Salaam. Inanunua dawa kwa ajili ya nchi nzima, inazitunza kwenye maghala ya kanda, inazisambaza, inaandika ankara, inadai na inadaiwa. Shughuli kubwa namna hiyo haiendeshwi kwa daftari. Inahitaji programu kubwa ya biashara inayokusanya kila kitu mahali pamoja: ghala, manunuzi, mauzo, magari, hesabu za fedha. Programu za aina hii ziko nyingi duniani. Kampuni ya SAP, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM, ilijipatia umaarufu kwa kazi hiyo. Oracle ya Marekani nayo inatengeneza za kwake. MSD ilichukua ya kampuni nyingine ya Marekani, iitwayo Epicor 9.

Hapo tukabaki na mifumo miwili mizuri: eLMIS upande wa zahanati, Epicor upande wa bohari. Kila mmoja unafanya kazi yake vizuri, ila haisomani. Maombi yanafika mwisho wa eLMIS, kisha mtu anayatazama kwenye skrini moja na kuyachapa kwenye skrini nyingine. Yaani tumenunua kompyuta mbili, na katikati yake bado tumemweka karani na macho yake yaliyochoka.

Kuunganisha mifumo kunaanzia hapo. Mtu anaweza kudhani ni kuvuta waya tu kutoka hii hadi ile. Waya si tatizo. Tatizo ni kwamba mifumo hii haiuoni ulimwengu kwa namna moja. Kwa eLMIS, zahanati yetu ni kituo kinachotibu wagonjwa. Kwa Epicor, zahanati hiyohiyo ni mteja mwenye akaunti na salio. Mmoja unaijua kwa namba hii, mwingine kwa namba ile. Na dawa ni vivyo hivyo: mganga anahesabu pakiti, bohari inauza maboksi.

Sasa rudini kwenye ile 90. Ikisafiri kutoka eLMIS bila maelezo na kuingia Epicor kama ilivyo, bohari itasoma maboksi 90. Zidisheni kwa 30. Zahanati iliyoomba pakiti 90 itaandikiwa pakiti 2,700! Kabati halitatosha, dawa zitapitwa na muda wake zikiwa pale, salio la zahanati litakwisha, na kijiji cha jirani kitakosa. Kompyuta haikukosea hata kidogo. Ilitii ilichoambiwa.

Kwa hiyo katikati panahitajika kitu cha kutafsiri. Mmewahi kumwona bibi anayejua Kisukuma peke yake akiingia kwa daktari aliyetoka pwani? Mjukuu hukaa katikati, akasikiliza huku, akasema kule, na hathubutu kubadilisha ugonjwa wa bibi. Jukwaa la kuunganisha mifumo linafanya kazi ya mjukuu huyo. Linapokea ujumbe wa eLMIS, linatazama kwenye jedwali na kuona kwamba kituo namba fulani ndicho mteja namba fulani, linagawa 90 kwa 30, kisha linaiambia Epicor kwa namna inayoielewa: mteja huyu anaomba maboksi 3.

Msiniulize kwa nini mifumo isiunganishwe moja kwa moja, mmoja kwa mmoja. Nitawajibu kwa hesabu. Mifumo miwili inahitaji njia 1. Mitatu, njia 3. Sita, njia 15. Mifumo 10 inahitaji njia 45, na mifumo 20 inahitaji 190. Kila njia ina fundi wake, funguo zake na hitilafu zake. Lakini mkiweka jukwaa katikati, mifumo 20 inahitaji njia 20 tu, kila mmoja na yake kuelekea kwenye jukwaa. Siku Bohari ikibadilisha programu yake, mnarekebisha njia moja na zile nyingine haziguswi.

Ndiyo maana sekta ya afya ya Tanzania ikajenga jukwaa lake, linaloitwa HIM. Limejengwa juu ya programu ya wazi iitwayo OpenHIM, na hapa nataka mtege masikio vizuri, kwa sababu programu hiyo haikutoka mbali. Ilianza kwa ajili ya jirani zetu wa Rwanda, katika wilaya ya Rwamagana, mwanzoni mwa miaka ya 2010, ikiandikwa na wataalamu wa shirika la Jembi la Afrika Kusini. Ilibuniwa Afrika kutatua shida ya vituo vya afya vya Afrika, na baadaye nchi nyingine zikaichukua.

Jukwaa halitafsiri tu. Lina kazi nyingine tatu ambazo watoto wa Simiyu mtazielewa haraka, kwa kuwa mnajua maana ya umeme kukatika.

Kwanza, linapanga foleni. Mfumo wa upande wa pili ukiwa umezimika, ujumbe hautupwi. Unasubiri, kisha unajaribiwa tena mawasiliano yakirudi.

Pili, linazuia maombi kujirudia. Tuseme oda imetumwa, imefika, ila mtandao umekatika kabla jibu halijarudi. Upande wa kutuma unadhani haikufika, unatuma tena. Kama hakuna kinga, gari litaleta maboksi 6. Kinga yenyewe ni rahisi: kila oda hupewa namba ambayo haitumiki tena kwa oda nyingine. Upande wa kupokea ukiona namba ileile mara ya pili, unajibu tu kwamba hii ninayo tayari, kisha hauandiki oda mpya.

Tatu, linatunza kumbukumbu: nani ametuma nini, saa ngapi, na amejibiwa nini. Oda ikipotea, hakuna kutupiana lawama kati ya zahanati, halmashauri na bohari. Inafunguliwa kumbukumbu, panaonekana ilipokwamia.

Sasa tazameni faida kwa mganga wetu. Oda ikifika kwenye mfumo wa bohari, jibu nalo linarudi kwa njia hiyohiyo: hiki kipo, hiki kimekwisha, ankara ni hii. Akijua mapema kwamba MSD haina dawa fulani, anaweza kuitafuta kwa Mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyechaguliwa kwa ajili ya mkoa chini ya utaratibu wa Jazia. Utaratibu huo ulianzia Dodoma mwaka 2014, na kufikia 2018 ulikuwa umeenea mikoa yote ya Tanzania Bara. Kumbe hata jibu la "hatuna" lina thamani likija mapema.

Na maboksi yetu 3? Yanapakiwa Mwanza, gari linapita Magu, linafika Lamadi, linaliacha ziwa na kukata kuelekea Bariadi. Mganga anahesabu, anaandika kwenye leja, anathibitisha amepokea. Uthibitisho huo nao unarudi kwenye mfumo, ili safari ijayo hesabu ianzie mahali sahihi.

Kuunganisha mifumo hakuko kwenye dawa peke yake. Mzazi akilipa ada ya Serikali kwa simu kwa kutumia kontroli namba, mfumo wa GePG wa Wizara ya Fedha, ulioanza mwaka 2017, unaiunganisha taasisi inayodai na benki au kampuni ya simu inayopokea fedha. Mamlaka ya Serikali Mtandao nayo imejenga GovESB, jukwaa la taasisi za umma kubadilishana taarifa. Na mwezi Aprili 2024, akizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza mifumo ya nchi isomane.

Mahali alipolisemea hilo panafaa kutufikirisha. Oda ya dawa haina jina la mgonjwa, lakini mfumo wa hospitali unalo: ugonjwa wako, umri wako, unakoishi. Mifumo ikisomana, lazima pawe na sheria ya nani asome nini. Tanzania iliitunga sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Jukwaa zuri linampa kila mmoja anachokihitaji kwa kazi yake, na si zaidi. Anayepakia gari Mwanza anahitaji kujua ni maboksi mangapi. Hahitaji kujua ni mtoto wa nani aliyekuwa na malaria.

Sasa swali la mwisho, na ndilo ninalotaka mwondoke nalo. Katika safari yote hii, wapi ni rahisi zaidi kuharibu? Si Dar es Salaam kwenye kompyuta kubwa, wala si kwenye jukwaa. Ni pale kwenye kabati la zahanati, siku mtu mvivu anapokadiria badala ya kuhesabu. Zamani kosa lake lingepita kwenye mikono ya watu watatu, na huenda mmoja angeshtuka. Mifumo inayosomana inalisafirisha kosa kwa kasi ileile inayosafirisha ukweli, na haishtuki isipofundishwa kushtuka. Ndiyo maana wahandisi makini huweka kizuizi: zahanati ambayo kwa kawaida huomba maboksi 3 ikiomba 90, oda inasimamishwa hadi mfamasia wa halmashauri aitazame.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuwa mtaalamu wa kompyuta, usikimbilie kompyuta kwanza. Jifunze hesabu vizuri, jifunze kuuliza "hii ni pakiti au boksi?", na siku moja mwombe mganga wa zahanati ya kijiji chenu akuonyeshe leja yake inavyojazwa. Atakayeunganisha mifumo ya Simiyu kesho ni yule anayejua kilichomo kwenye kabati.