Kiwewe Baada ya Uzazi Mgumu Si Udhaifu wa Imani

Sifa zote njema ni za Allah, rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allahu alayhi wa sallam).

Ndugu katika imani, mama anapojifungua tunampongeza na kusubiri arobaini itimie. Lakini aliyevuja damu nyingi, aliyekimbizwa kwenye upasuaji wa dharura, au aliyetenganishwa na mtoto asiyepumua vizuri, huenda akapona mwili na nafsi ikabaki na jeraha.

Hicho ndicho kiwewe cha uzazi. Tukio humrudia kana kwamba linatokea tena. Huota ndoto za kutisha, hukwepa hospitali na mazungumzo ya uzazi, hushtuka kwa jambo dogo, hukosa usingizi hata mtoto akilala. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na kuvuruga maisha, ni maradhi yanayohitaji tiba. Baba aliyeshuhudia naye huweza kupatwa, na mara nyingi hunyamaza.

Wapo wanaomwambia mama: "Shukuru, mtoto yu hai." Kushukuru ni wajibu, lakini anayeshukuru huweza pia kuumia. Tuzingatie kisa cha Bibi Maryam (alayhas salaam) katika Surat Maryam. Uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende, alitamani lau angelikufa kabla ya hayo. Hakukemewa, aliambiwa asihuzunike, akapewa maji na tende.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tumsikilize bila kumlaumu, na tumpunguzie kazi apumzike.

Pili, dua na ruqya ya kisheria ni kheri, lakini zisizuie tiba, kwani Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) ametuamrisha kujitibu. Mazungumzo na mwanasaikolojia aliyesomea tiba ya kiwewe yanasaidia.

Tatu, akiogopa mimba nyingine, asilazimishwe. Wanandoa kuachanisha uzazi kwa maridhiano, kwa njia isiyo na madhara, kunajuzu: Jabir (radhiya Allahu anhu) amesimulia kuwa Maswahaba walikuwa wakifanya azl zama za Mtume, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim.

Nne, akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tunamwomba Allah awaponye wazazi wetu wote. Wallahu a'lam.