Mkono Kabla ya Penseli

Lalamiko ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa wazazi wa chekechea ya Montessori ni kwamba mtoto harudi na daftari. Mtoto wa jirani ana miaka minne na kurasa zake zimejaa a, e, i, o, u pamoja na tiki nyekundu za mwalimu. Wa kwao akiulizwa leo kafanya nini, anajibu amemimina maji, amechambua maharage, amepanga vipande vya mbao. Na darasa la kwanza linakaribia. Wasiwasi huo una haki yake, na nataka kuujibu kwa kueleza kinachotendeka ndani ya kazi hizo ambazo mzazi anaziona kama mchezo wa kupoteza muda.

Chukua zana moja tu: ubao mnene wenye matundu kumi, na ndani yake vipande kumi vya mviringo vinavyopishana kwa unene au kimo. Kila kipande kina kishikizo kidogo juu, chembamba kiasi kwamba mtoto hawezi kukikamata kwa kiganja. Lazima atumie kidole gumba, cha shahada na cha kati. Anavitoa vyote, anavichanganya, kisha anarudisha kila kimoja kwenye tundu lake. Akikosea mahali, mwishoni kitabaki kipande kisichoingia popote. Mwalimu hasemi kitu. Mtoto anakitazama, anarudi nyuma, anatafuta alipokosea. Vidole vile vitatu ndivyo vitakavyoshika penseli, na jicho lile linalopima kikubwa na kidogo ndilo litakalohitajika kwenye hesabu. Ila ninachokithamini kuliko vyote ni ile tabia ya kusaka kosa lake mwenyewe bila kungoja kukemewa. Mtoto anayeingia darasa la kwanza na tabia hiyo haogopi kufuta na kuandika upya.

Baada ya miezi ya kazi za namna hii ndipo zinakuja herufi, nazo zinakuja kupitia ncha za vidole. Herufi hukatwa kwenye karatasi ya msasa na kubandikwa kwenye vibao laini, irabu rangi moja na konsonanti rangi nyingine. Mtoto huipapasa kwa vidole viwili kufuata mwendo wa kuandika, huku akitamka sauti yake. Anaumba herufi kwa mkono kabla hajawahi kuharibu karatasi hata moja.

Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyehitimu Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, alifungua Nyumba ya Watoto ya kwanza tarehe 6 Januari 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa wafanyakazi maskini jijini Roma. Hakukusudia kufundisha kuandika mapema. Wazazi, wengi wao wasiojua kusoma, ndio waliomwomba. Anasimulia kwamba siku moja ya Desemba, watoto wakiwa juu ya paa la jengo, alimpa mvulana wa miaka kama mitano chaki achore dohani iliyokuwa mbele yao. Mtoto alichora, kisha ghafla akapaza sauti kwamba anajua kuandika, akainama na kuandika sakafuni neno la Kiitaliano la mkono, halafu la dohani, halafu la paa. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kuandika maneno hayo. Mkono ulishajua maumbo, sikio lilishajua sauti, na siku hiyo vikakutana.

Jambo hili linatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kwa karibu sana. Njia ile ilikomaa katika Kiitaliano, lugha ambayo tahajia yake inafuata sauti kwa uaminifu mkubwa. Kiswahili kiko hivyohivyo, pengine zaidi: a ni a ileile katika mama, katika kata, katika taa. Mtoto akishajua sauti za herufi chache, anachukua kasha la herufi za kukata, anatandika mkeka, na kupanga kuku, embe, babu, bila penseli. Sauti za ny, sh na ch hupewa vibao vyake. Panapotaka uangalifu wa mwalimu ni kwenye ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, na hapo mtoto afundishwe kwa sikio kwanza. Mtoto wa London hana urahisi huu. Kwake herufi moja hubadili sauti kila neno. Kwa hiyo inaniuma kuona chekechea nyingi za mijini, zenye jina la Montessori langoni, zikimwanzishia Kiingereza mtoto ambaye nyumbani anaongea Kiswahili. Tunamnyima ngazi fupi tuliyo nayo na kumpandisha kwa ile ndefu. Aanze kwa Kiswahili. Akishaelewa kwamba maandishi ni sauti iliyowekwa mbele ya macho, Kiingereza kitamkuta tayari.

Hesabu nazo zina bahati kama hiyo. Shanga za dhahabu humpa mtoto moja mkononi, kumi kama kijiti, mia kama mraba, elfu kama mchemraba mzito wa kubebwa kwa mikono miwili. Anapoweka kijiti cha kumi na shanga tatu kando yake na kusema kumi na tatu, ulimi unataja kile hasa ambacho macho yanaona.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2025, ukiongozwa na Angeline Lillard wa Chuo Kikuu cha Virginia, ulifuatilia watoto 588 walioombewa nafasi katika programu 24 za Montessori za shule za umma. Nafasi zilitolewa kwa bahati nasibu, kwa hiyo tofauti haiwezi kuelezwa kirahisi kwa kusema waliopata ni watoto wa wenye nazo. Kufikia mwisho wa mwaka unaotangulia darasa la kwanza, waliopata nafasi walikuwa mbele katika kusoma, kumbukumbu ya muda mfupi, uwezo wa kujiongoza na kuelewa mawazo ya wenzao. Uwezo huo wa kujiongoza haushangazi ukijua darasa linavyoendeshwa. Kila zana ipo moja tu, kwa hiyo mtoto anajifunza kungoja. Asubuhi ni kipindi kirefu cha takribani saa tatu bila kengele, kwa hiyo anajifunza kumaliza alichoanza. Wa miaka mitatu anakaa chumba kimoja na wa sita, anamtazama, na baadaye naye hutazamwa.

Darasa la kwanza halitakuwa hivyo. Katika shule nyingi za Tanzania kuna mwalimu mmoja mbele ya watoto makumi, madawati, kengele na vipindi vya KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) vinavyopokezana. Aliyezoea kuchagua kazi yake atakutana na ubao ambao wote wanaunakili kwa pamoja. Wengi huzoea baada ya wiki chache, na wanaosumbuka ni mara nyingi wale walioondolewa mapema. Mzunguko wa Montessori ni miaka mitatu, na mwaka wa tatu ndio mtoto huvuna: anasoma, anaandika kwenye karatasi, anamfundisha mdogo. Mzazi anayemtoa akiwa na miaka mitano ili akakimbizane na usaili wa shule nyingine amelipia kulima na kupanda, akaondoka kabla ya mavuno.

Jina la Montessori halina mwenyewe wa kulilinda. Yeyote anaweza kulichora ukutani. Kabla ya kulipa ada, omba kukaa kwenye kona ya darasa asubuhi moja. Tazama kama watoto wanachagua kazi wenyewe na kuirudisha rafuni, kama wa rika tofauti wamechanganyika, kama zana zinatumika au zimefungiwa kabatini zisichafuke. Muulize mwalimu alisomea wapi kazi hii, na kwa muda gani. Kisha muulize anafanya nini mtoto anapokosea, na umsikilize mpaka amalize.