"Watoto wa kreki": utabiri uliokwenda kombo

Mwaka 1985 daktari wa Chicago, Ira Chasnoff, pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine ripoti kuhusu wanawake waliotumia kokeini wakiwa wajawazito. Walikuwa wanawake 23 tu. Lakini Marekani ilikuwa inaingia kwenye hofu ya kreki, ile kokeini ya bei nafuu inayovutwa moshi wake, na ripoti ndogo kama hiyo ikakuzwa na vyombo vya habari mpaka ikawa hukumu. Watu wakaambiwa kwamba kinakuja kizazi chenye ubongo ulioharibika, kisichofundishika. Watoto wenyewe wakabandikwa jina kabla hawajaota meno: "watoto wa kreki".

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kokeini hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Hubana mishipa ya damu, hivyo oksijeni na virutubisho vinavyokwenda kwa mtoto hupungua. Kondo laweza kubanduka kabla ya wakati, na mtoto akazaliwa njiti, au akawa na uzito pungufu na kichwa kidogo. Kwenye ubongo, dawa hiyo huzuia seli zisirudishe ndani kemikali zilizozitoa, hasa dopamini, noradrenalini na serotonini. Kwa mtu mzima kemikali hizo hugusa furaha na umakini. Kwa ubongo unaojengwa zina kazi ya ziada: husaidia seli changa kukua na kuungana. Kwa hiyo madhara yalitarajiwa, ila ukubwa wake na muda wake ndivyo vilivyohitaji kupimwa.

Aliyeifanya kazi hiyo kwa uvumilivu ni Hallam Hurt, daktari wa watoto wachanga mjini Philadelphia. Kati ya 1989 na 1992, yeye na wenzake waliandikisha watoto 224 waliozaliwa wakiwa wametimiza miezi au karibu. Nusu yao mama zao walikuwa wametumia kokeini, nusu hawakutumia. Wote walitoka familia za kipato cha chini, na karibu wote walikuwa Wamarekani weusi. Hapo ndipo penye nguvu ya utafiti huo. Ukimlinganisha mtoto wa mama anayevuta kreki na mtoto wa mwanasheria, kila tofauti utaitupia kokeini.

Walipofika miaka 4 walipimwa akili. Waliofikiwa na kokeini walipata wastani wa 79.0, wenzao 81.9. Tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini soma tena namba zenyewe. Kipimo hicho wastani wake ni 100. Makundi yote mawili yalikuwa chini, na kokeini haikuweza kuwa sababu kwa watoto ambao haikuwagusa.

Hurt akaanza kuuliza juu ya nyumba na mitaa. Katika watoto waliohojiwa wakiwa na miaka 7, asilimia 81 walikuwa wamemwona mtu akikamatwa na polisi, asilimia 74 wamesikia risasi, na asilimia 19 wameona maiti nje. Hatimaye, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kuwafuatilia, watafiti walisema wazi kwamba umaskini uliwaathiri watoto hao kuliko kokeini.

Hilo halimaanishi kwamba dawa hizi ni salama. Tafiti nyingine zimeona tofauti ndogo katika umakini na uwezo wa mtoto kujizuia. Methamfetamini nayo ilichunguzwa katika majimbo manne ya Marekani, na mwaka 2012 watafiti wakaripoti kwamba watoto iliowafikia tumboni walikuwa na wasiwasi na hisia za kulipuka zaidi wakiwa na miaka 3 na 5. Pombe, inayouzwa hadharani, ushahidi wake ni mzito zaidi: ulemavu inaoleta kwa mtoto ulipewa jina na madaktari wa Seattle mwaka 1973. Mbona hatujawahi kusikia vichwa vya habari kuhusu "watoto wa bia"?

Hofu ilizaa adhabu. Huko Charleston, South Carolina, hospitali ya umma ilipima mikojo ya wajawazito na kuwapa polisi majibu. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kufanya hivyo bila ridhaa yao ni kinyume cha katiba. Mama anayejua kwamba kliniki ni mlango wa kituo cha polisi hatakwenda kliniki, na atakosa vipimo vya presha, damu na ukuaji wa mtoto.

Kwetu suala hili lina sura ya miraa. Majani yake mabichi yana kathinoni, kichangamsho cha jamii moja na amfetamini, ambacho hupungua majani yakikauka, ndiyo maana wachuuzi huyafunga kwa majani ya mgomba yasinyauke. Tafiti za Yemen zimehusisha utafunaji wakati wa ujauzito na watoto wenye uzito pungufu. Kenya miraa ni zao la biashara. Tanzania, unakoitwa mirungi, ni haramu, na mjamzito anayetafuna ana sababu ya kuficha.

Mama, kama unatafuna, unavuta au unakunywa, mwambie mkunga mapema. Kuacha mwezi wowote wa ujauzito ni bora kuliko kuendelea. Nawe mkunga, akikwambia, funga mlango, msikilize, na mpangie tarehe ya kurudi.