Vipande vya Filamu Vilivyoachwa: Rangi, Majina, na Kumbukumbu za Ufipa

Mtu akitajiwa filamu za mafundisho za zamani, mara hufikiri juu ya somo lililokusudiwa: namna ya kuchimba choo, namna ya kuogesha ng'ombe, namna ya kupanda miti. Makala haya hayahusu somo hilo. Yahusu vipande vile vilivyokatwa na kutiwa kando kwa sababu havikufaa somo, vikakaa makoponi miaka hamsini au zaidi, na sasa vinaanza kufunguliwa. Nia yetu ni kueleza vipande hivyo ni nini, kwa nini rangi yake hudumu au hupotea, na kwa nini jambo hili lawahusu walimu na makasisi wa Ufipa.

Asili ya vipande

Fundi mshoni akikata kanzu, sakafuni hubaki vitambaa. Ndivyo ilivyo kazi ya filamu. Mpiga picha hupiga nyingi kuliko zitakazoonyeshwa. Pengine mtu amejikwaa, au mtoto amekatiza mbele ya kamera, au wingu limefunika jua, au mzee ameacha kazi aliyoambiwa aifanye akageuka kumwamkia jirani. Kisha mkataji huketi na utepe, akachagua yale yafuatanayo na somo, na mengine akayaondoa. Hayo yaliyoondolewa ndiyo vipande vilivyoachwa. Utepe wa futi 100 wa filamu ya milimita 16 huonyeshwa kwa muda usiofika dakika 3. Kwa hiyo kipande kimoja huenda kisizidi nusu dakika. Lakini katika nusu dakika mna picha zaidi ya mia tatu.

Katika nchi zetu kazi hii ilianza mapema. Mwaka 1935 Baraza la Kimataifa la Misioni lilianzisha jaribio la sinema za mafundisho kwa Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la New York. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, na wakuu wake walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Jaribio hilo lilidumu hata 1937, na filamu 35 zikatengenezwa. Picha zake hazikuwa na rangi, na sauti yake haikuwa katika utepe: maneno yalitiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa, sahani ikazungushwa pamoja na filamu. Katika hizo 35, zijulikanazo kuwa zimesalia ni 3 tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza: moja ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, moja ya ugonjwa wa safura, na moja ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro.

Msomaji na atie moyoni jambo hilo la sahani. Utepe na maneno yake vilikuwa vitu viwili mbalimbali. Sahani ikivunjika au ikipotea, picha hubaki bubu. Tutalirudia jambo hili mbele.

Habari ya rangi

Filamu ya rangi iitwayo Kodachrome ilitoka Marekani mwaka 1935, kwanza kwa kamera za milimita 16. Baada ya Vita vya Pili ilitumika sana na wapigao picha katika Afrika. Jirani zetu wa kusini, Rodezia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, walihudumiwa na Idara ya Filamu ya Afrika ya Kati, iliyoanzishwa mwaka 1948, nayo ilipiga filamu nyingi za mafundisho kwa Kodachrome, bila sauti. Zilipoonyeshwa vijijini, msemaji alisimama na kipaza sauti akaeleza kwa lugha ya watu wa mahali pale. Hapo tena picha ilikwenda njia yake, na neno njia yake.

Yafaa kueleza tabia moja ya Kodachrome. Haikuwa na picha ya kinyume ambayo kwayo picha halisi hutolewa. Utepe uleule uliokuwa ndani ya kamera ndio uliosafishwa na kuonekana rangi zake. Nakala zilizosafirishwa kwa magari zilitolewa kwake, zikapita katika mashine mara nyingi, zikaingia vumbi na kuchubuka. Bali kipande kilichokatwa hakikupita katika mashine wala hakikunakiliwa. Kilitoka katika kamera, kikakatwa, kikalala gizani. Ndiyo sababu mara nyingine kilichotupwa kikaonekana kizuri kuliko kilichochaguliwa. Wahenga walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini si kila filamu ya rangi ina uthabiti huo. Tangu mwaka 1950 zilienea filamu za namna nyingine, kama Eastmancolor, na nyingi katika zile za zamani zimeharibika kwa namna ijulikanayo. Rangi ya filamu hufanywa kwa tabaka 3, na katika hizo ile yenye asili ya buluu na kijani ndiyo ipungukayo upesi. Ikiisha hiyo, picha yote hugeuka kuwa nyekundu: mbingu ni nyekundu, majani ni mekundu, shuka nyeupe ni ya waridi.

Basi hapa pana hatari kwa mtu wa desturi. Akiona wanawake wamevaa nguo nyekundu wote, na udongo mwekundu, na uso wa mzee umepakwa wekundu, asiharakishe kuandika ya kwamba nyekundu ndiyo rangi ya sherehe ile. Huenda hapana mtu aliyevaa nyekundu siku hiyo. Na akiwa amekwisha kuandika, na mwingine akaiga maandiko yake, kosa la dawa ya filamu limekuwa desturi ya watu.

Hatari ya pili imo katika lugha. Kiswahili kina sifa 3 za rangi zifuatazo upatanisho wa majina: -eupe, -eusi, na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa vitu: kijani kwa majani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, manjano kwa bizari, zambarau kwa tunda lake, na buluu ni neno la kuazima. Mzee akisema kitu ni cheusi, pengine macho ya mgeni huona buluu nzito. Akisema chekundu, pengine mgeni huona kahawia au manjano ya moto. Mzee hakukosea. Ameigawa rangi kwa mgawo wa lugha yake. Kwa hiyo aandikaye maelezo ya kipande cha rangi na aandike neno lilelile la mzee, kwa lugha ya mzee, ndipo aongeze maelezo yake mwenyewe.

Faida ya kilichoachwa

Mwaka 1961 Mwingereza John Wilson alisimulia habari ambayo Marshall McLuhan aliieneza katika kitabu chake cha mwaka uliofuata. Watu wa kijiji kimoja cha Afrika walionyeshwa filamu ya usafi: bwana afya akionyesha polepole namna ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Waonyeshaji walistaajabu, kwa maana hawakujua kama mna kuku katika filamu yao. Wakaitazama picha kwa picha, na kweli, kuku alipita pembeni kwa muda wa kama sekunde moja.

Wengi huisimulia habari hii kuwacheka wanakijiji. Sisi twaisoma kwa njia nyingine. Waliotengeneza filamu waliona somo lao tu. Waliotazama waliona kilichokuwapo. Kuku yule aliponea chupuchupu, maana angalitambuliwa angalikatwa. Vipande vilivyoachwa vimejaa kuku wa namna hiyo: salamu, namna ya kupokea kitu kwa mikono miwili, namna ya kubeba mtoto, chombo kilichowekwa chini karibu na mlango. Hakuna aliyeviagiza, kwa hiyo hakuna aliyeviigiza.

Tena vipande huisahihisha filamu yenyewe. Mmarekani John Marshall, kuanzia mwaka 1950, alipiga picha nyingi za rangi kati ya Waju/'hoansi, wawindaji wa Kalahari. Katika hizo alikata filamu iitwayo The Hunters, iliyotolewa 1957 na kuonyeshwa katika shule na vyuo vingi. Huonyesha watu wanne wakimfuata twiga mmoja hata wakamwua. Marshall mwenyewe alikiri baadaye ya kwamba uwindaji ule ulishonwa kwa vipande vya safari mbalimbali. Picha zake zote, pamoja na zile zisizotiwa katika filamu, zimewekwa katika taasisi ya Smithsonian ya Marekani, na mwaka 2009 UNESCO iliziandika katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia. Kwa kuwa mabaki hayakutupwa, mtu aweza leo kuipima hadithi kwa ushahidi.

Mfano wa Ufipa

Tutie jambo hili katika nchi yetu. Tuseme mwalimu wa Sumbawanga aletewa kipande cha nusu dakika, chenye rangi safi: juu ya nyanda za Ufipa, tanuru la udongo lenye kimo cha watu wawili, na matundu kuzunguka chini yake, wanaume wanapanga mabomba ya udongo matunduni, mmoja ameshika kikapu, mbali kidogo pana tanuru dogo. Kisha picha imekwisha.

Mgeni ataandika: Watu wanajenga tanuru. Naye hakusema uongo. Lakini Mfipa ajuaye atasema kwamba tanuru lile ni ilungu, lililoyeyusha mawe ya chuma kwa hewa ivutwayo yenyewe, bila mivukuto. Kwamba tanuru lile dogo ndilo la kusafishia chuma, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kwamba kikapu kile si cha makaa bali ni intangala, kikapu cha dawa za kazi. Kwamba tanuru jipya lilifananishwa na bibi arusi, na wanaume hawa, siku za kazi, wamejitenga na wake zao. Mambo haya manne hayamo katika picha, ijapokuwa picha haina kasoro.

Tena fikirini rangi. Mhunzi hakuwa na kipimo cha moto ila macho yake. Wekundu wa giza, wekundu wa kung'aa, manjano, weupe: kila daraja ilimwambia apige nyundo au angoje. Filamu isiyo na rangi haionyeshi hata moja ya hizo. Filamu ya rangi safi huonyesha. Filamu iliyofifia hudanganya, kwa maana hufanya moto wote kuwa mwekundu. Na hata filamu safi haitatuambia jina ambalo mhunzi alilipa kila daraja.

Ufipa haukukosa waandishi. Askofu Lechaptois alichapisha kitabu chake juu ya watu wa pande za Ziwa Tanganyika mwaka 1913. Padre Wyckaert aliandika juu ya wahunzi mwaka 1914. Mwaka 1937 R. C. H. Greig aliandika juu ya uyeyushaji katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Baadaye Roy Willis, aliyekaa Ufipa miaka ya 1960, aliandika mengi. Magofu ya matanuru yangali yakionekana, na mavi ya chuma yangali yakiokotwa mashambani. Lakini maandiko hayo yako kwa Kifaransa na Kiingereza, na magofu hayasemi. Aliyemwona baba yake akiyeyusha alikuwa mtoto kabla ya katikati ya karne iliyopita. Na waliosikia habari kwa vinywa vya wayeyushaji wenyewe ni wazee sasa, wachache kila mwaka.

Shauri kwa walimu

Mtu akipata kopo la filamu ya zamani katika ghala ya parokia au katika sanduku la shule, afanye hivi.

Kwanza, alifungue mahali penye hewa na kunusa. Harufu ya siki ni dalili ya kwamba utepe unaanza kuoza, na uozo wake huambukiza tepe nyingine, basi autenge. Joto na unyevu huharakisha jambo hilo, na kwa hilo baridi ya Ufipa ni rafiki kuliko hali ya hewa ya pwani.

Pili, asiutie katika mashine ya kuonyeshea. Utepe wa zamani umenywea, na meno ya mashine yataurarua. Hiyo ni kazi ya hifadhi yenye vyombo.

Tatu, asitupe kopo wala karatasi iliyomo, hata ikiwa na neno moja tu. Jina la kijiji lililoandikwa kwa kalamu ya risasi ubavuni mwa kopo laweza kuwa ndiyo sahani pekee iliyosalia ya utepe ule.

Nne, picha zikiisha kunakiliwa, azionyeshe kwa wazee, tena na tena, wala asianze kwa kuuliza, Je, hiki si tanuru? Aulize, Mwaona nini? Kisha anyamaze. Kuku atajitokeza.

Tano, aandike maneno ya Kifipa kwanza, na Kiswahili baadaye, pamoja na jina la kijiji cha msemaji, na kwa ruhusa yake; kwa maana Kifipa cha kijiji kimoja si sawasawa na cha kingine.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Makopo yaweza kungoja katika hifadhi za ng'ambo miaka mingine hamsini bila kuharibika sana, ikiwa yamewekwa baridini. Wazee hawawekwi baridini. Kipande kikifika Sumbawanga siku ambayo hapana tena awezaye kusema intangala akakionyesha kikapu kwa kidole, tutakuwa na rangi zote na tusiwe na neno. Kwa hiyo asingojee filamu mwalimu aliye na mzee jirani. Achukue daftari leo, aende akamwulize majina. Picha ikija baadaye, itayakuta maneno yake yakiingoja.