Daraja la Mkapa: kwa nini kuuvuka mto Rufiji hakukutosha

Daraja la Mkapa lina urefu wa mita 970. Abiria anayelivuka mwezi Septemba, mto ukiwa umepungua, anaweza kujiuliza urefu wote huo ni wa nini, kwa sababu sehemu kubwa ya daraja iko juu ya mchanga na majani. Anayelivuka Aprili haulizi.

Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Ni mvua ya takriban sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara, na yote hupita hapa kabla ya kutawanyika kwenye delta yenye misitu mikubwa ya mikoko na kuingia Bahari ya Hindi. Bonde ni tambarare, ardhi yake ni tope na mchanga ulioletwa na mto wenyewe, na mkondo una kawaida ya kuhama. Daraja fupi lingeziba njia ya mafuriko.

Kabla ya daraja kulikuwa na kivuko cha Ndundu, kusini kidogo mwa Ikwiriri. Pantoni ilivusha magari machache kwa zamu, mengine yakisubiri foleni. Na kivuko humtii mto: maji yakijaa na kwenda kasi, kazi inasimama. Kwa mikoa ya Lindi na Mtwara hilo halikuwa jambo dogo. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita zipatazo 560 tu, lakini masika yakichachamaa, safari ilikuwa ya siku kadhaa, na wenye uwezo walipanda ndege au meli. Mfuko wa saruji ulipanda bei njiani, na mgonjwa wa rufaa alisubiri mto kama wengine.

Daraja lilifunguliwa mwaka 2003, kwa fedha za serikali na mikopo ya Mfuko wa Kuwait na Mfuko wa OPEC. Lilipewa jina la Rais Benjamin Mkapa, aliyekuwa bado madarakani na ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Kusini, upande wa Masasi.

Lami iliyochelewa

Hapa ndipo hadithi inaposahaulika. Ukishuka darajani kuelekea Kilwa, ulikutana na kipande cha takriban kilomita 60, Ndundu hadi Somanga, ambacho hakikuwa na lami. Mto uliokuwa ukisimamisha magari ulivukwa kwa dakika moja, kisha magari yaleyale yakakwama kwenye tope mbele kidogo. Kipande hicho kilichukua zaidi ya miaka kumi baada ya daraja kukamilika. Madereva wa malori ya korosho wanaijua tofauti hiyo kuliko mtu yeyote: daraja waliona likizinduliwa, lakini muda wa safari ulipungua kweli lami ilipofika Somanga.

Kinachokatika si daraja

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania, barabara ya Kusini ilikatika na mabasi yakasimama kwa siku kadhaa. Aprili 2025 ikakatika tena eneo la Somanga. Mara zote mbili Daraja la Mkapa lilikuwa limesimama imara. Kilichoondoka ni tuta na makalavati kwenye mito midogo ya Kilwa, ile ambayo msafiri wa kiangazi haioni kabisa kwa sababu imekauka.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Kwenye Rufiji wahandisi waliuachia mto karibu kilomita nzima. Kwenye vijito, maji hupewa tundu la kalavati. Mvua ya siku mbili ikizidi uwezo wa tundu hilo, maji hupanda nyuma ya tuta, huruka juu ya lami na kuchimba udongo upande wa pili, mpaka barabara inaning'inia au inaanguka. Ndiyo maana matengenezo ya Somanga yamehitaji madaraja kamili mahali palipokuwa na makalavati, kazi ambayo haikuwamo kwenye hesabu za mwaka 2003.